Naomba ushauri: tumkumbuke Freddie Mercury tarehe ipi?

Wadau, habari zenu. Mzee wangu hapa Buruburu ana santuri za bendi ya Queen alizozitunza tangu ujana wake. Majalada yamechakaa kingo, lakini kila moja kaifunga kwa nailoni. Nataka kumwandalia jioni ya kuzisikiliza na marafiki zake, ila nimekwama kwenye tarehe.

Freddie, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akafariki London 24 Novemba 1991. Halafu kuna 13 Julai 1985, siku ya Live Aid, tamasha la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Queen walipata kama dakika 20 tu pale Wembley, na walipoimba Radio Ga Ga uwanja mzima ukainua mikono na kupiga makofi kwa pamoja. Moyo wangu uko Julai, maana njaa ile ilikuwa kwa majirani zetu. Mama anasema siku ya kuzaliwa ndiyo yenye heri. Ninyi mngechagua ipi?

Pia sindano ya gramafoni imekwisha, santuri zinaruka. Niliyouziwa mjini haikuingia. Nani anamjua fundi wa kuaminika hapa Nairobi?