Naombeni ushauri: levo za Sokoban nilizotunga zinawafikia watu zikiwa zimevurugika, na moja wanaapa haiwezekani

Bi Stoo

Wakuu, habari za humu. Nisaidieni kabla sijaitupa kazi ya miezi minne.

Najitolea kufundisha kompyuta watoto wa shule ya kata hapa jirani, Singida. Mashine ziko sita, za zamani, na intaneti ni ile ya simu yangu nikiwa na bando. Gemu linalokubali kwenye mashine zile bila kulalamika ni Sokoban, lile la kusukuma maboksi ghalani mpaka kila moja likae juu ya alama yake. Watoto wamelipenda kuliko Excel. Mimi pia, nikiri.

Levo zilizokuja na gemu zikaisha, nikaanza kutunga za kwangu kwenye Notepad. Sasa zimefika 24. Nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa kompyuta ili nao wazitumie, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Wengine wanasema faili halifunguki. Wengine limefunguka lakini kuta zimepinda na kuli yuko nje ya ghala. Halafu levo ya 7, walimu watatu tofauti wamenipigia kuniambia haina jibu, na mimi niliimaliza kwa mkono wangu mwenyewe! Ya 19 ndiyo naipenda kuliko zote, ina maboksi 14, ila hakuna hata mtu mmoja aliyefika nusu.

Naiweka ya 7 hapa mwone. Reli ni ukuta, dola ni boksi, nukta ni mahali pa kulifikisha, ile @ ndiyo kuli:

########
#--$---#
#-$----#
#@-..--#
########

Tatizo ni kwangu au ni kwao? Nawasilisha.

Kichwa Ngumu

Mtu mzima na akili zake anasukuma maboksi ya kwenye kompyuta. Nchi hii ina mambo.

Fundi Nusu Saa

Mkuu, wenzako wako sahihi, levo ya 7 imekufa kabla haijaanza. Tazama boksi la juu. Limegusa ukuta wa juu. Ili ulishushe, kuli lazima asimame juu yake, na juu yake kuna ukuta. Kwa hiyo litatembea kushoto na kulia hapo hapo darini mpaka mwisho wa dunia, na alama zote mbili ziko chini. Kwenye Sokoban hakuna kuvuta.

Nahisi uliijaribu vizuri, ikakubali, halafu baadaye ukasogeza kitu.

Bi Stoo

Aisee. Nimecheki daftari. Ni kweli, nilipoimaliza boksi lile lilikuwa mstari mmoja chini. Nikalipandisha kwa sababu niliona yamekaa pamoja vibaya, nikasema acha nipendezeshe. Sikurudia kucheza.

Ila mimi siyo mkuu jamani, ni dada.

Fundi Nusu Saa

Samahani dada. Kupendezesha kumeua levo nyingi, hauko peke yako. Irudishe hivi:

########
#------#
#-$$---#
#@-..--#
########

Nimeipitisha, inakubali kwa hatua 14, misukumo minne. Jibu lake hili: uurrDulldRRurD. Kama hujawahi kuona uandishi huu, ni herufi za kwanza za juu, chini, kushoto na kulia kwa Kizungu. Ndogo ni kutembea, kubwa ni kusukuma. Kuanzia leo kila levo unayoitunga andika na jibu lake pembeni. Siku ukihamisha hata tofali moja, jibu la zamani ukilirudia likagoma utajua papo hapo. Mimi bila mstari huo wa jibu siamini levo ya mtu yeyote, hata yangu.

Mama wa Mafaili

Kuhusu kuvurugika: huo ni ugonjwa wa nafasi tupu. Naona hapa umetumia vistari kuonyesha sakafu, je, kwenye kundi ulituma hivyo hivyo?

Bi Stoo

Hapana, kule nilitumia nafasi za kawaida, ndivyo levo zilizokuja na gemu zilivyoandikwa. Vistari nimeweka leo tu kwa sababu nilipobandika hapa mara ya kwanza nafasi zilimezwa.

Mama wa Mafaili

Basi jibu unalo mkononi. Levo ya Sokoban ni maandishi matupu, uzuri wake na udhaifu wake viko hapo hapo. Nafasi zikiwa mwanzoni mwa mstari, au mbili tatu zikifuatana, kuna sehemu nyingi zinazozifuta au kuzifanya moja. Mstari mmoja ukisogea hatua mbili kushoto, ghala lote limepasuka na kuli yuko barabarani. Ndiyo maana programu nyingi za Sokoban zinakubali kistari, au kile kistari cha chini, badala ya nafasi. Tumia kistari cha kati. Cha chini WhatsApp inakichukulia kuwa amri ya kulaza maandishi.

Na hapo hapo kuna nyota. Nyota kwenye Sokoban ni boksi ambalo tayari liko juu ya alama. Kwa WhatsApp, nyota mbili kwenye mstari mmoja zinaweza kusomeka kama amri ya kukoza maandishi, na zikisomeka hivyo zinatoweka. Aliyepokea anatazama, maboksi mawili hayapo na alama mbili hazipo. Hatajua kilichopungua, atasema tu levo yako mbovu.

Kwa hiyo usibandike levo kama ujumbe. Hifadhi faili la maandishi, litume kama dokumenti. Levo zote 24 ziwe kwenye faili moja, kati ya levo na levo acha mstari mtupu, chini ya kila moja jina lake na la mtunzi. Usiliandike kwenye Word! Word ina tabia ya kugeuza vistari viwili kuwa kirefu kimoja. Notepad yako inatosha kabisa.

Mzee wa Nukta

Dada, nimelifungua faili ulilonitumia pembeni. Kazi ni nzuri, ila niseme jambo bila kukuudhi. Ya 3 na ya 11 nazifahamu. Zimo kwenye Microban ya David W. Skinner, ule mkusanyiko wa levo 155 ndogo ndogo. Umezigeuza tu kama mtu anayejitazama kwenye kioo, kushoto kumekuwa kulia.

Bi Stoo

Nimekamatwa. Nilikuwa nazitumia kufundishia tangu mwanzo, nikazichanganya na zangu ili zitimie 24. Sikudhani kuna mtu atazitambua zikigeuzwa.

Mzee wa Nukta

Anayecheza sana anazitambua kama sura ya jirani, hata akivaa kofia. Watunzi wengi wa levo hizi hawakatai zisambazwe, wanachotaka ni jina lao libaki. Zitenge, uandike za nani, wala hakuna atakayekulaumu. Zikiwa 22 zako kweli, zina heshima kuliko 24 zenye kasoro.

Nirudi kwenye ile ya 19 unayoipenda. Maboksi 14 si tatizo lenyewe. Nimeisukuma jioni nzima, na ninachokiona ni maboksi 14 yanayofanya kazi moja ile ile mara 14. Ukishagundua namna ya kulipitisha la kwanza mlangoni, 13 yaliyobaki ni kibarua. Hao walimu hawajashindwa, wamechoka. Chukua wazo lile la mlango, libakize na maboksi matatu. Hiyo Microban uliyoikopa, ukiichunguza, karibu kila levo ina jambo moja tu la kugundua, na nyingi unaweza kuzifunika kwa kiganja. Ndiyo maana mtu anaanza ya pili bila kushurutishwa.

Na jinsi ya kutunga bila kuhofia kuua levo: anza mwishoni. Weka maboksi juu ya alama zake, halafu uwe unayavuta kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka yakae mahali panapokera. Kila ulichovuta kinaweza kusukumwa kurudi, kwa hiyo jibu lipo kwa lazima. Nilikuwa nafanya hivyo kwa vizibo vya soda kwenye karatasi ya miraba. Watoto wako wanaweza bila hata kuwasha mashine.

Otieno wa Kisumu

Sasa wasee, kwa nini ahangaike na karatasi? Kuna programu zinafumbua zenyewe. Sokoban YASC ya Windows ni nyepesi, ina sehemu ya kuchora levo na kifumbuzi ndani. JSoko pia iko, lakini hiyo inataka Java. Unaweka levo, inakupa jibu.

Mzee wa Nukta

Kwa ndogo, sawa, na namshauri dada aiweke YASC leo. Ila msimwache aamini kupita kiasi. Mwaka 1997 Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alithibitisha kwamba Sokoban kwa ujumla wake iko kwenye kundi la mafumbo yanayotoa jasho hata kompyuta. Kifumbuzi kikikata tamaa baada ya dakika kumi, hakijasema levo haiwezekani. Kimesema kimechoka. Kikimaliza njia zote na kukuta hakuna, hapo ndipo uamini.

Otieno wa Kisumu

Nimekuelewa mzee wangu. Basi niongeze hili: akitaka watu wacheze bila kuweka programu yoyote, atumie PuzzleScript ya Stephen Lavelle, chombo cha kutungia gemu za mafumbo, ilitoka 2013, haina malipo. Unaandika kwenye kivinjari, ukimaliza unatoa faili moja la HTML, unalibeba kwa fleshi. Mashine sita zake zitalifungua bila intaneti. Ila achunge: kwenye mfano wake wa kusukuma maboksi alama zimebadilika. Kuli ni P, nyota ni boksi la kawaida, na @ ni boksi lililokwisha fika. Ukibandika levo yako bila kubadilisha itagoma, na kuli wako atasomeka kuwa boksi.

Kichwa Ngumu

Mnajadili kitu cha watoto kama katiba.

Mama wa Mafaili

Cha watoto kilichotungwa 1981 na Hiroyuki Imabayashi huko Japani, kikauzwa na kampuni yake Thinking Rabbit kuanzia 1982. Jina lenyewe maana yake mtunza ghala. Labda ni kikongwe kuliko wewe. Jaribu levo moja kisha uje tuongee.

Bi Stoo

Mrejesho, wiki mbili baadaye.

Faili nimelituma kama dokumenti, sakafu zote vistari, na hadi sasa hakuna aliyenipigia simu kulalamika. Ya 7 imefufuka. Ya 19 nimeikata kutoka maboksi 14 hadi matatu, roho iliniuma lakini mwalimu mmoja kaimaliza saa sita usiku akanitumia jibu kwa ujumbe, herufi zote. Zile mbili za Skinner nimezitenga na jina lake. Nikakuta moja zaidi iliyofanana sana na yake, hiyo sikuikusudia, nimeiondoa tu.

Vizibo vya soda vimewashinda nguvu wote, sasa darasa linanuka Fanta. Binti mmoja wa kidato cha kwanza ametunga hii peke yake kwa kuvuta kurudi nyuma. Ameniruhusu niiweke hapa bila jina lake:

#######
###---#
#.*-$@#
###---#
#######

Nimeona ni ndogo mno, nikataka kumwambia aongeze boksi. Naombeni maoni yenu kabla sijamharibia.

Fundi Nusu Saa

Usimguse huyo mtoto. Usiongeze kitu.

Mzee wa Nukta

Boksi ambalo limeshakaa mahali pake ndilo linalotakiwa kuondoka kwanza. Mimi nilichukua miaka kulijua hilo. Misukumo mitatu tu, hatua 12. Jibu nalificha kwa ajili ya wageni.

Kichwa Ngumu

Haya. Nimeijaribu kwenye simu ya mdogo wangu. Boksi liko kushoto kwangu, alama iko kushoto, nikabonyeza kushoto mara moja. Moja tu! Sasa haliendi mbele, na nikilisukuma juu au chini linaganda kwenye kona. Sitaki jibu. Nani ana levo zote 21 zilizobaki?