Programu ya shajara ya ukoo imekufa, marehemu baba mdogo katuachia majina 1,340 ndani yake. Nihamie wapi?

Mkwaja_Kwetu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alianza mwaka 2004 kuingiza shajara ya ukoo wetu kwenye kompyuta. Alikuwa akinakili daftari la babu, limeliwa na mchwa pembeni, nusu herufi za Kiarabu, nusu hizi zetu. Alitumia Personal Ancestral File, ile PAF, kwa kuwa ilikuwa ya bure na kijana wa intaneti kafe alimshushia kwenye CD. Tangu hapo kila akienda msibani au arusini anarudi na majina. Alipofariki alikuwa amefika 1,340, kuanzia Pangani na Tanga hadi Pemba, Lamu, na wengine walioishia Maskati.

Sasa mzigo umeniangukia mimi. Laptopu yake ya Windows XP inazima itakavyo, na ikiwaka skrini ni mistari mitupu. Nikatafuta PAF niiweke kwenye mashine yangu, nikakuta FamilySearch, wenyewe waliokuwa wakiigawa, waliiondoa tangu Julai 2013, hawaigawi wala hawaihudumii. Faili lenyewe ninalo kwenye flashi. Cha kulifungulia ndicho sina.

Nihamie programu gani? Nisilipie kila mwezi, isinilie bando, na isivuruge nyumba ya babu yetu mmoja aliyeoa wake wanne, wawili kati yao binamu zake. Kwetu huwezi kumtaja mtu bila kuwa ndugu yako kwa njia mbili tatu.

Kijiwe_cha_Kahawa

Mkuu tia kwenye Excel maisha yaendelee.

BintiMakunduchi

@Kijiwe Excel? Mtu kwa baba yake ni mjukuu wa huyo babu, kwa mama yake ni kitukuu wa babu huyohuyo. Utamwandika mstari upi?

Kijiwe_cha_Kahawa

Basi naondoka kwenye uzi kimyakimya.

FundiMitambo_Arusha

Mkuu, tulia. Iliyokufa ni programu, majina hayajaenda popote. Kabla hujagusa kitu nakili hilo faili la .paf sehemu tatu, moja iwe nje ya nyumba yako. Nimeona watu wakifanya majaribio kwenye faili la asili.

Zipo programu zinazosoma .paf moja kwa moja. RootsMagic inalisoma, na toleo lake la bure, Essentials, linatosha kwa kazi hiyo. Ancestral Quest nayo inalisoma, tena hii ni ndugu wa damu: PAF ya Windows ilijengwa juu yake, kwa hiyo mtu aliyezoea PAF hapotei humo. Jaribu mojawapo kwanza.

Ukishalifungua, toa nakala ya GEDCOM. Hilo ni faili la maandishi matupu ambalo karibu kila programu ya nasaba inalielewa. Ukiulizwa aina ya herufi chagua UTF-8, la sivyo majina aliyoandika kwa Kiarabu yanaweza kugeuka alama za kuuliza. Lipo toleo jipya la GEDCOM, 7.0 la mwaka 2021, ila wewe baki na la zamani, ndilo linalopokelewa na wengi.

Mimi mwenyewe niko Gramps. Ya bure, msimbo wake uko wazi, ipo tangu 2001, inakaa Windows, Mac na Linux. Sura yake haivutii na wiki ya kwanza utanilaani. Lakini baada ya yaliyowakuta watu sipendi tena kumtegemea mwenye duka mmoja. The Master Genealogist ilikuwa ya kulipia na ikafungwa 2014. Family Tree Maker ilitangaziwa mwisho Desemba 2015, watu wakahaha miezi miwili hadi Software MacKiev walipoichukua.

Zile nafasi za ibada za hekaluni utakazoziona zisikutishe. PAF ilitengenezwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndiyo asili yake. Kama baba mdogo aliziacha tupu, hakuna cha kuhama.

Dogo_wa_Buguruni

Kwa nini usiweke mtandaoni tu? Hata ndugu wa Maskati wataona.

BintiMakunduchi

Waone, sawa. Ila shajara ya FamilySearch ni moja ya dunia nzima. Walio hai hufichwa, lakini habari za marehemu wako mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuzibadilisha. Na Salim bin Ali pwani hii wamejaa kama dagaa, atatokea mwenye nia njema tu awaunganishe wawili. Yangu naiweka nyumbani. Wa Maskati nawatumia PDF ya tawi lao, wakiona kosa wananipigia, tunabishana, tunapatana.

MzeeWaNasaba

Mwanangu, poleni kwa msiba. Amefanya kazi kubwa huyo.

Mimi ni wa Mombasa, nilihama PAF zamani, na shida yangu haikuwa programu ipi. Ilikuwa majina. Hizi programu zinadhani kila mtu ana jina la ukoo linalorithiwa. Sisi tuna fulani bin fulani bin fulani. Tazama kwanza baba mdogo alifanyaje: aliweka jina la baba pahala pa ukoo, au aliacha tupu? Lolote alilofanya, usianze kulisahihisha katikati ya kuhama. Hamisha lilivyo, sahihisha ukishafika. Gramps itakuruhusu kuonyesha kwamba jina hilo ni la baba, si la ukoo.

La pili ni tarehe. Gramps inapokea kalenda ya Hijria kama ilivyo, lakini kiwango cha GEDCOM hakina kalenda hiyo, kwa hiyo iandike pia kwenye maelezo ya mtu. Wala usikimbilie kugeuza. Mwaka 1322 ulianza Machi 1904 ukaisha Machi 1905. Ukiandika 1904 peke yake umeshaamua jambo ambalo babu yako hakulisema.

Walionyonya ziwa moja je, aliwaandika? Hao hawana mstari wao kwenye mti, lakini ndio wanaozuia ndoa. Gramps ina pahala pa kuhusisha mtu na mtu asiye mzazi wala mke, mimi nawatia humo.

Ukimaliza kuhamisha usifurahie kwamba majina ni 1,340 huku na 1,340 kule. Chukua nyumba ngumu kuliko zote, hiyo ya wake wanne, uikague mtu mmoja mmoja, uhakikishe kila mtoto yuko chini ya mama yake. Hiyo ikiwa sawa, zilizobaki nazo aghlabu huwa sawa.

FundiMitambo_Arusha

Hapo mzee umemaliza. Nasahau la picha: GEDCOM haibebi picha, inabeba anwani ya pale zilipokuwa. Kama zilikaa kwenye C ya laptopu ile, utapata majina na fremu tupu. Mpe fundi aitoe diski ngumu uisome kwa mashine nyingine, hata kama laptopu haiwaki.

Mkwaja_Kwetu

MREJESHO, baada ya wiki mbili.

RootsMagic ililifungua faili bila ubishi, 1,340 kamili. Nikatoa GEDCOM, nikaingiza Gramps. Na kweli Fundi, nimekulaani.

Diski ilitoka, picha zipo 212, nazirudishia anwani zake kidogokidogo usiku. Maelezo yamehama, ila mistari mirefu ilipokatwa na kuunganishwa maneno mengine yamegandana, "alizaliwaPangani", "aliolewaakiwa". Nayasoma yote kuyatenganisha, na hapo ndipo nimechelewa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuyasoma. Karibu kila jina kaandika aliyemweleza na wapi. "Kanieleza shangazi, siku ya arobaini." "Hili nalitilia shaka, msemaji alikuwa na ugomvi nao."

Nyumba ya wake wanne nimeikagua kama alivyosema mzee. Watatu wako sawa na watoto wao. Wa nne ana watoto watano na pahala pa jina pameandikwa "Mke". Nikadhani limepotea njiani, nikarudi kwenye nakala ya asili, nako ni hivyohivyo. Kwenye maelezo yake kuna mstari mmoja: "Jina analijua bibi wa Mkwaja, sikuwahi kumkuta nyumbani."

Bibi wa Mkwaja yupo, tisini na ushee, masikio ndiyo yamechoka. Nimempigia mjukuu wake, kasema Jumamosi hatoki. Nimeshakata tiketi.