Dawa mseto za Hamisi

Mama Hamisi: Jamani habari za jioni. Homa ya Hamisi imekata tangu jana usiku, leo kaamka mzima, anadai shule. Vidonge 12 vimebaki, naona nimwekee mdogo wake Zuhura. Malaria haibishi hodi.

Bibi: Alhamdulillahi!

Saida: Shikamoo bibi, shikamoo mama mkubwa. Tafadhali usiviweke. Usiku huu ameze vinne kama alivyoandikiwa.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu.

Mama Hamisi: Marahaba mfamasia wetu. Lakini mtoto anakula vizuri, dawa zote hizo si zitamchosha?

Saida: Kila kidonge cha mseto kina dawa mbili, artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemeta inaua vimelea haraka, ndiyo iliyoshusha homa. Ila haikai: kwa saa kama mbili tu, nusu yake ini limeshaivunja.

Saida: Lumefantrini ndiyo inayobaki kwenye damu siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyosalia. Lakini bila dozi zote 6 haifiki kiwango cha kuvimaliza. Akiishia hapa, vichache vilivyobaki vitazaana, na baada ya wiki chache tutarudi naye maabara.

Baba Mdogo Salum: Ameze baada ya kula, sivyo? Kulinda tumbo.

Saida: Baada ya kula, baba mdogo, ila sababu si tumbo. Lumefantrini inataka mafuta ndipo iingie kwenye damu. Watu wazima wenye afya walipopimwa, waliomeza na chakula cha mafuta mengi walipata hadi mara 16 ya kile kinachoingia tumbo likiwa tupu. Ukimeza na chai ya rangi, nyingi inaishia chooni 😔

Mama Hamisi: Mungu wangu, asubuhi kameza na uji mtupu!

Saida: Usijali, na usirudie hiyo dozi. Usiku huu mpe maziwa, au maharage ya nazi.

Bibi: Nazi ipo, nakuna sasa hivi.

Mama Hamisi: Na akitapika?

Saida: Ikiwa ndani ya saa moja, arudie vyote vinne. Ikishapita, asirudie. Asipotulia na chochote tumboni, mpeleke hospitali usiku huohuo, usingoje kuche.

Baba Mdogo Salum: Na Zuhura akiugua?

Saida: Apimwe kwanza. Homa yake inaweza kuwa ya kifua au ya mkojo, na hapo mseto haufanyi kitu. Halafu dozi inafuata uzito: Hamisi anameza vinne kwa sababu amepita kilo 35. Zuhura na kilo zake 18 ni viwili kwa mara moja. Vya kaka yake vingemzidi.

Mama Hamisi: Nimekuelewa mwanangu. Vinne leo na maharage ya bibi, vinne kesho asubuhi, vinne kesho usiku.

Saida: Ndiyo, na asubuhi usisahau maziwa. Kesho usiku nitapiga simu niulize kama vimeisha.