Nankhatai zangu zinalegea dukani. Ninunue mashine au nisubiri?

Mama Iliki, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Natengeneza nankhatai, zile biskuti za samli, nyumbani, hapa Ngamiani, mwaka wa pili sasa. Unga wa ngano kilo 10, samli 5, sukari ya kusaga 4, na iliki natwanga mwenyewe. Naoka kwa oveni ya gesi ya trei mbili, moto 190, dakika 14. Kwenye harusi na maulidi zinaisha mezani siku hiyohiyo. Shida ni madukani. Nimeweka maduka sita, na ikifika siku ya nne mteja akiuma haivunjiki, inatafunika kama mkate wa jana. Mwezi uliopita nilirudishiwa pakiti 63. Nilizibeba kichwani nikipita njia ya nyuma ili majirani wasinione.

Tumevunja kikoba, nina milioni 6. Kuna fundi ananiuzia mashine ya kukatia biskuti kwa milioni 4.8, anasema zitatoka za kiwanda kabisa. Kwa sasa nafungia kwenye mifuko ya kaki yenye kidirisha, nakunja juu na kubandika stika. Aliyepita njia hii anishauri.

Mwokaji wa Moro

Marahaba mwanangu. Huyo fundi usimpe hata shilingi kwa sasa. Mashine ya kukata inakata tu, haikaushi, na wewe ugonjwa wako ni maji.

Nakwambia hivi kwa uchungu, maana mimi nilikopa nikanunua mashine ya kukandia kabla sijajua kwa nini biskuti zangu za tangawizi zinalegea. Nikawa natoa biskuti mbovu nyingi zaidi kwa siku, na rejesho la mkopo linanisubiri kila Ijumaa.

Unga mkavu unaouona una maji ndani yake, karibu gramu 13 katika kila 100. Biskuti inayokaa inatakiwa ibaki na chini ya 5. Moto wa 190 kwa nankhatai nene unaivisha nje haraka, rangi inakuja nzuri, na katikati kumebaki unyevu. Ukiifunga, unyevu ule unatembea polepole kutoka katikati mpaka pembeni. Ndiyo maana siku ya kwanza hujui kitu.

Fanya hivi. Chukua mizani ya kidijitali. Ponda nankhatai zilizotoka kuoka leo na kupoa, pima gramu 100, tandaza kwenye trei, rudisha kwenye oveni moto mdogo kabisa, kama 105, saa tatu nzima. Pima tena. Fanya vilevile kwa pakiti iliyokaa dukani siku nne. Kama ya leo imepungua 3 na ya dukani imepungua 8, mfuko ndio mwizi. Kama ya leo yenyewe imepungua 6, kosa liko kwenye oveni.

Ila mfuko wa kaki uache hata hivyo. Karatasi inapitisha hewa, na hewa ya Tanga ni ya bahari. Tafuta plastiki ngumu ya chakula na kimashine kidogo cha kubania kwa moto. Zipoe kabisa kwenye waya kabla ya kufunga, lakini usiziache wazi usiku kucha. Na mwambie mwenye duka asizipange karibu na sabuni. Samli inavuta harufu vibaya mno.

Kijana wa Korosho, Mtwara

Dada, naongeza la bei. Kilo zako 19 za kinyunya, yaani unga uliokwisha changanywa, zikitoka kwenye oveni, ukitoa mvuke na zinazovunjika, hesabu 17 na nusu. Hizo ni pakiti 175 za gramu 100, wala si 190. Nilikuwa napiga hesabu kwa uzito wa kinyunya na sikuelewa faida inakwenda wapi. Wala usikimbizane na pakiti za bei ya chini za viwanda vikubwa. Wewe unauza samli na iliki.

Mzoefu wa Vibali

Kwa kifupi: anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, wakupe barua ya kukutambulisha TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 usajili wa chakula na majengo uko TBS, si TFDA tena, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Jiko la familia halitapita, kwa hiyo sehemu ya ile milioni 6 iweke kwa chumba cha peke yake chenye kuta zinazooshika.

Mama Iliki, Tanga

Mungu akulipe, mama wa Moro. Nimepima jana usiku, watoto wamelala. Za leo: gramu 100 zimebaki 94. Za dukani: 92. Kwa hiyo ni oveni kwanza, na mfuko unaongezea.

Leo nimeshusha moto hadi 160, dakika 26. Rangi imekuja ya dhahabu hadi chini, na nikiivunja inalia. Zimebaki 96 na nusu. Fundi amepiga simu mara mbili, nimemwambia sinunui. Sasa naomba kuuliza: plastiki hiyo ngumu mnanunua kwa kilo au kwa idadi ya mifuko?

Mwokaji wa Moro

Kwa kilo. Na kabla hujanunua nyingi, funga pakiti kumi, weka tano jikoni na tano dukani, upime siku ya kumi na nne.