Nimetoa damu yangu, kisha akaninyang'anya soda ikiwa mdomoni!

Kijana_RahaLeo:

Asalaam aleikum wana-jukwaa. Sitaki kupoa. Nimeingia ndani sasa hivi, pamba bado ipo mkononi, nimekaa barazani naandika kabla hasira hazijashuka. Najijua, nikilala nitasamehe, na huyu mtu hasamehewi.

Mnamjua. Jina silitaji, wala halihitajiki. Kila wanapopiga kambi ya kuchangia damu hapa mjini yupo, nyuma ya meza ya makatoni ya soda, kayakumbatia kama kayarithi kwa babu yake. Kalamu mbili mfukoni, na hakuna aliyewahi kumuona akiandika hata herufi moja. Huyo huyo.

Leo saa tatu asubuhi nimefika uwanjani pale skuli, tumbo limeshiba chai na chapati kama tunavyoambiwa. Nimejaza dodoso lote, umelala saa ngapi, umeumwa nini, umetumia dawa gani, mpaka maswali ambayo mama yangu hajawahi kuniuliza. Nimepanda mizani, kilo 63, wao wanataka 50 kwenda juu. Nimepimwa presha. Nimechomwa kidole, tone likatiwa kwenye maji ya buluu, likazama moja kwa moja kama nanga ya jahazi. Nimelazwa, nimepewa kimpira, binya achia, binya achia, mpaka mfuko umejaa mililita 450. Ile sindano ingeweza kushonea tanga. Sikusema kitu.

Nikakaa kwenye viti vya kupumzikia. Dada mmoja, Mungu ambariki, akanipa soda na biskuti. Soda imefunguliwa. Mrija umetiwa. Mrija umo mdomoni. Nimevuta funda moja. MOJA.

Akaja. Akaishika chupa. Mimi nikadhani ananisaidia kwa sababu mkono wa pili nimeukunja. Akaivuta! Chupa ikaenda, mrija ukabaki mdomoni mwangu! Na akasema kwa sauti ya muadhini: "Wewe si wa kila siku wewe? Hizi za wageni."

Wageni gani? Bwana mmoja wa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, kaja kupigwa picha, mkono wenyewe hakukunja. Soda yangu ikatiwa mrija mwengine akapewa yeye. Mimi nimekaa pale na mrija mtupu mdomoni kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na watu arubaini wananitazama.

"Wa kila siku." Hakuna mtu wa kila siku kwenye damu! Mwanamme ni kila miezi mitatu, mwanamke minne, mwili urudishe chembe zake. Nina kadi, hii mara ya saba, na sijawahi kurudi kabla ya tarehe. Ni yeye aliyenihesabia soda saba au vipi?

Na niseme ukweli kwa nini naenda. Dada yangu alipojifungua damu ilikataa kusimama. Chupa tatu aliongezewa usiku ule. Chupa tatu za watu nisiowajua, huenda mmoja anasoma hapa sasa hivi. Yeye yuko hai, mwanawe yuko chuoni, anasoma Juzuu Amma, juzi kanisomea Dhuha yote. Kile kitu hakiuzwi dukani, hakuna kiwanda kinachotengeneza damu ya binaadamu, lazima itoke mkononi mwa mtu. Ndiyo maana naenda. Sikwenda kwa soda!

Lakini soda ile nilikuwa NIMESHAPEWA. Ilikuwa MDOMONI.

Nimetoka pale kwa miguu, jua la utosini. Nilipofika majumba ya Michenzani magoti yakageuka ute wa bamia, nikashika ukuta. Mama mmoja wa kuuza embe akanikalisha kwenye ndoo yake. Darajani nikanunua juisi ya miwa kwa pesa yangu. Kwa pesa YANGU. Nimetoa mililita 450 za damu, nimepewa funda moja la soda, na mrija. Mrija ninao, nimekuja nao nyumbani, uko hapa mezani.

---

Mchuuzi_Darajani: Pole sana kaka. Swali dogo. Mrija unautunza wa nini, utauchangia mwezi ujao?

---

Bin_Mwinyi: Kwa hiyo bwana wa kanzu kanywa soda yenye funda lako? Mshalipana basi. Yeye ndiye angepaswa kufungua uzi.

---

Mama_Wawili_Fuoni: Huyo namjua! Yule yule! Wewe umenyang'anywa soda, mimi kaninyang'anya heshima. Nilichomwa kidole, tone langu kwenye maji ya buluu likaelea. Limekaa juu kama boya. Mhudumu kaniambia kwa upole, pembeni, mama leo damu ni kidogo, tutakupa ushauri. Huyo mlinzi wa makatoni, ambaye kazi yake si maji ya buluu, akapiga ukelele: "Huyu damu yake maji, mpisheni arudi!" Shemeji yangu alikuwa kwenye foleni. Mpaka leo kwenye ukoo mzima naitwa Bi Maji.

---

Mchuuzi_Darajani: Bi Maji 😂😂😂 samahani dada, samahani.

---

Fundi_Maabara: Naomba niingie kidogo, hii ndiyo kazi yangu. Bi dada wa Fuoni, tone kuelea si aibu. Yale maji yana uzito uliopimwa, damu yenye himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa, ya 12.5 kwenda juu inazama, iliyo chini ya hapo inaelea au inazama kwa kusuasua. Wanawake wengi wanaelea, kwa hedhi, kwa uzazi, na kwa kunywa chai ya rangi pamoja na chakula. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kula dagaa, maini, mchicha, kamulia ndimu, chai isubiri saa nzima baadaye.

Na kwa mwenye uzi, kile kinywaji hakitolewi kama zawadi. Umetolewa karibu nusu lita kwenye mwili wenye lita tano hivi. Yale maji ya damu mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili ukinywa vizuri, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa. Ile robo saa ya kukaa na kunywa ndiyo inayozuia mtu asianguke njiani. Kwa hiyo magoti ya Michenzani yana sababu. Hapo una haki kabisa.

---

Kijana_RahaLeo: AHSANTE FUNDI! Mmesikia? Mmesikia nyote? Kumbe kaninyang'anya dawa! Ikiwa mdomoni!

---

Bin_Mwinyi: Babu yangu akipigwa chuku kwa pembe ya ng'ombe, damu inatoka nyeusi tii, akimaliza anapanda mnazi. Soda hakuijua.

---

Fundi_Maabara: Chuku inatoa vijiko vichache, bwana. Na babu yako asingepaswa kupanda mnazi.

---

Kilo47: Nyinyi mnalalamika mmeshaingia ndani. Mimi sijawahi kuvuka mizani. Kilo 47 tangu nimalize skuli. Safari ya mwisho nilivaa jinzi mbili, nikatia mfukoni funguo za duka, kufuli mbili na jiwe la mizani la nusu kilo. Nikafika 50 barabara. Nikafurahi. Nikitaka kuteremka, suruali ya juu ikashuka na kufuli zake. Aliyenitoa mkono mpaka getini mnamjua.

---

Mama_Wawili_Fuoni: Kilo47 na Bi Maji tukae meza moja.

---

Yakhe_Wete: Nyie watu wa Unguja mna raha. Mnalilia soda! Sie huku Pemba, yakhe, mie nimetoa damu mara nne, soda sijaiona kwa jicho. Tulipewa chai kwenye birika na boflo limekatwa vipande vinane, watu kumi na moja. Nlipewa ile ncha ya boflo. Nikashukuru, nikapanda baskeli nkenda zangu.

---

Mkarafuu_Chake: Semea Wete. Chake tulipewa maziwa na mayai ya kuchemsha. Nyie Wete mnajisahau kusema.

---

Yakhe_Wete: Mayai mlipewa nyie mlokuja na mkubwa wenu. Usinchokoze asubuhi hii.

---

Binti_Kwahani: Hamjafika penye uchungu. Subirini mgonjwa awe wenu. Mama alipotaka kupasuliwa tukaambiwa akiba ya kundi lake ndogo, tafuteni ndugu waje wachangie. Ukoo wetu ukikusanyika kwenye maulidi hautoshi uwani. Siku ile simu zote zimezimwa! Mmoja yuko shamba, mmoja ana mafua, mmoja anasema mkewe hajamruhusu. Ami yangu, pande la mtu, kilo mia, kaniambia hawezi kwa sababu ana sukari. Wiki moja baadaye kwenye harusi ya binti yake nimemhesabia mwenyewe, vipande sita vya halua. SITA. Sukari ilikwenda wapi siku hiyo?

Waliomtolea mama ni vijana watatu wa kijiwe cha bao ambao nilikuwa siwaitikii salamu.

---

Kijana_RahaLeo: Binti_Kwahani umenigusa, wallahi. Hao vijana ndio watu. Sasa fikiria mmoja wao, ametoka kumtolea mama yako, anapewa soda, mrija umo mdomoni, anatokea mtu...

---

Fundi_Maabara: Na muelewe kwa nini akiba inaisha, si kwamba kuna mtu kaificha. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35, zikiongezewa dawa nyengine za kuhifadhia zinafika 42, basi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, siku 5 tu. Na kila mfuko unapimwa kwanza virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Ikifika Ramadhani watu wanafunga, mchana hawaji, lakini wazazi wanajifungua vilevile na watoto wa selimundu, yaani sikoseli, wanahitaji vilevile. Baada ya futari, jamani, mje.

---

Bin_Mwinyi: Tukija baada ya futari soda hatuhitaji, tumeshashiba uji. Tatizo limetatuliwa.

---

Kijana_RahaLeo: Halijatatuliwa! Nilikuwa NIMESHAPEWA!

---

Mchuuzi_Darajani: Turudi kwa yule ami wa halua. Halua gani iliyompa mtu mwenye sukari vipande sita?

---

Binti_Kwahani: Ya Wete, ilikuja na boti.

---

Yakhe_Wete: Basi ami hana kosa. Ile huiachi. Mtu aweza kufa nayo mkononi.

---

Mkarafuu_Chake: Halua ya Wete siku hizi imejaa sukari, samli wameisahau. Zamani ukiikata, kisu kinatoka kinang'aa.

---

Yakhe_Wete: Wee Mkarafuu. Nlikwambia usinchokoze. Nyie Chake mna halua gani? Nitajie moja. Moja!

---

Kilo47: Mimi halua nimeila miaka kumi nikitafuta kilo tatu, hazikuja. Hiyo ya Wete ikoje?

---

Mama_Wawili_Fuoni: Kwenye harusi ya jirani yangu halua iliishia meza ya kwanza. Mchango nimetoa elfu hamsini, sahani ya pilau ikachukuliwa mbele yangu sijamaliza, eti kuna wageni kutoka bara wamefika. Nilikuwa na mfupa mkononi.

---

Binti_Kwahani: Wakakuachia mfupa?

---

Mama_Wawili_Fuoni: Wakaniachia mfupa.

---

Kijana_RahaLeo: NDIYO NINACHOKISEMA! Wewe mfupa, mimi mrija! Ni ugonjwa mmoja huu, mtu wa kila siku anaonekana hana thamani kwa sababu kesho atarudi tu. Na kweli nitarudi, baada ya miezi mitatu nitakuwepo, tone litazama, mfuko utajaa, na naapa siku hiyo soda nitaishika kwa mikono miwili. Nataka tujadili hili la huyu mtu, apelekwe wapi, aambiwe na nani.

---

Bin_Mwinyi: Pilau la harusi lenyewe siku hizi halina nyama, wanapitisha ng'ombe juu ya sufuria.

---

Mchuuzi_Darajani: Na bizari hawatii. Nawauzia mimi, najua wanavyonunua. Harusi ya watu mia tatu, bizari ya shilingi elfu mbili.

---

Kijana_RahaLeo: Jamani. Soda.

---

Yakhe_Wete: Alkhamis nnakuja Unguja na boti ya asubuhi. Ntamtia mtu halua kinywani humu akome kusema samli imesahauliwa. Atakaye aseme mapema kilo ngapi.

---

Binti_Kwahani: Mie mbili. Moja nampelekea ami nimtazame usoni akiila.

---

Kilo47: Mie tatu.

---

Mama_Wawili_Fuoni: Mie moja. Nitakula bila ya chai, Fundi asinigombeze.

---

Kijana_RahaLeo: Mie nusu kilo. Lakini sijasamehe.

---

Yakhe_Wete: Nusu ya zafarani au ya kawaida?