Tovuti mpya ya kubeti imenifungia pesa NILIYOWEKA MWENYEWE, inasema ni sharti la bonasi

Wakuu, kuna watu wameshika pesa yangu, wanakataa kunirudishia, na bado wananitumia meseji za kunipongeza kwa kupata "zawadi ya kukaribishwa". Nimevumilia vya kutosha, sasa naliweka hapa kila mtu asome.

Ni moja ya tovuti mpya za kubashiri zinazotangazwa sana siku hizi. Ina mpira, tenisi, ngumi, na ukurasa mzima wa mbio za farasi na mbwa. Jina silitaji hapa kwa sababu malalamiko nimeshayapeleka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, nayataka yashughulikiwe huko. Na kabla hamjauliza: leseni wanayo, nimewakuta kwenye orodha ya Bodi. Ndiyo maana nina hasira zaidi. Tapeli wa mtaani unajua ni tapeli. Hawa wanafanya haya wakiwa na kibali mkononi.

Kilichonivuta ni farasi. Kampuni nyingi hapa nchini ukibonyeza "mbio" unakutana na katuni za kompyuta. Hawa wanaonyesha odi (namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda) za mbio za kweli za Uingereza, na mimi mbio hizo nazifuatilia kwa mapenzi: Cheltenham mwezi wa tatu, Grand National pale Aintree mwezi wa nne, Royal Ascot mwezi wa sita. Grand National farasi 34 wanaruka vizuizi 30, huwezi kupepesa jicho. Kwa hiyo nilifurahi kuona kuna mahali pa kubashiri kitu ninachokielewa kwa shilingi, kupitia simu yangu.

Kuweka pesa ni sekunde. Unaandika kiasi, simu inakuletea ujumbe wa kuweka namba ya siri, basi. Niliweka 50,000. Salio likasoma 100,000. Bonasi ya asilimia mia imeingia yenyewe! Mimi sikuiomba. Chini ya kitufe cha kuweka pesa kuna kiboksi kidogo cha kukubali bonasi, na tiki imo tayari kabla hujagusa kitu. Fungueni akaunti muone wenyewe, au bora msifungue.

Nikaweka 20,000 kwa farasi mwenye odi 5.00. Akashinda. Hesabu ya mtoto: 100,000, faida 80,000. Kodi ya ushindi iwekeni kando, hiyo kila mbetiji anaijua na siilalamikii. Naangalia tiketi nakuta neno moja tu, "makato", bila maelezo.

Sasa hapa nisikilizeni, maana ndipo utajua watu hawa wanauza kitu wasichokijua, au wanakijua na wanaiba. Kwenye mbio za Uingereza kuna utaratibu unaoitwa Kanuni ya 4. Ukishachukua odi yako, halafu farasi mwingine akaondolewa kabla ya mbio kuanza, nafasi ya farasi wako inaongezeka, kwa hiyo ushindi wako unapunguzwa kidogo. Makato yanategemea odi ya aliyeondoka. Kama alikuwa na odi 4.00, inakatwa pensi 25 kwa kila pauni. Kama alikuwa dhaifu, odi zaidi ya 15.00, hakuna makato kabisa. Haki tupu, sina ugomvi nayo. Lakini inakatwa kwenye FAIDA. Dau lako haliguswi.

Kwenye mbio zangu kweli farasi mmoja wa odi 4.00 aliondolewa. Robo ya faida ya 80,000 ni 20,000. Nilitakiwa kubaki na 80,000: dau langu 20,000 na faida 60,000. Wao wamekata robo ya laki nzima, pamoja na dau nililoweka mimi. Wakanipa 75,000. Ni 5,000 tu, mtasema. Nazidisha 5,000 hiyo kwa kila mtu aliyeshinda mbio ile na kila mbio yenye farasi aliyejitoa, na farasi kujitoa England ni jambo la kila siku, mvua ikinyesha tu uwanja ukabadilika makocha wanawatoa. Nikawauliza huduma kwa wateja, Kanuni ya 4 inasemaje? Jibu: "Mpendwa mteja, makato hufanywa na mfumo." Mfumo! Mfumo umeandikwa na nani?

Nikasema sawa, hii 5,000 tutaidai polepole, ngoja kwanza nitoe pesa. Ndipo nikagonga ukuta.

Ombi la kutoa likakataliwa kwa maandishi ya Kiingereza. Tovuti nzima ni Kiswahili. Matangazo Kiswahili, vitufe Kiswahili, wimbo wa tangazo Kiswahili. Masharti ya bonasi peke yake ndiyo yameandikwa Kiingereza, tena kile cha mawakili. Nimeyasoma yote. Yanasema ukishapokea bonasi, huwezi kutoa chochote, si bonasi, si ushindi, si pesa uliyoweka, mpaka uzungushe, yaani ubetie, jumla ya pesa yako na bonasi mara 10, kwa mikeka (tiketi moja yenye mechi kadhaa, ambazo zote lazima zishinde) ya kuanzia mechi tatu, kila mechi odi isipungue 1.40. Mbio za farasi hazihesabiki. Yaani kile kitu wanachokitangaza kuwaita watu hakisaidii kufungua pesa yako!

Fanyeni hesabu na mimi. Pesa yangu 50,000 na bonasi 50,000, mara 10, ni MILIONI MOJA ya madau.

Nilichukua mechi ya kawaida ya ligi yetu kwenye tovuti yao. Mwenyeji 2.40, sare 3.10, mgeni 2.70. Gawanya 1 kwa kila odi ujumlishe: inakuja kama asilimia 111. Ingekuwa bei ya haki ingekuja 100. Ile 11 ya ziada ndiyo tonge la kampuni. Maana yake, kwa wastani, kila shilingi 100 inayobetiwa kwa odi hizo wao wanabaki na karibu 10. Sasa mkeka wa mechi tatu, tonge hilo linajirudia mara tatu: unarudi na kama 73 kati ya 100. Zungusha milioni moja kwa mikeka ya namna hiyo, kwa wastani umeacha kwao karibu 270,000. Ili ufungue bonasi ya 50,000! Laki moja ya kuanzia, pesa yako na bonasi, inaisha hata nusu ya safari hujafika. Wapo watakaobahatika, sikatai, lakini mkataba huu umepangwa ili mtu mwingi asifike mwisho, na aliyeupanga anajua kupiga hesabu kuliko mimi.

Nikawaambia, chukueni bonasi yenu, siitaki, nipeni pesa yangu na ushindi wangu. Farasi nilimbetia kwa 20,000, pesa yangu mwenyewe ilikuwa 50,000, bonasi sikuigusa. Wakajibu: ukifuta bonasi na ushindi wote unafutwa. Na ombi lenyewe la kufuta linapelekwa "idara husika". Idara husika haijibu.

Ukienda dukani na noti yako, muuza duka akakutupia pipi usiyoiomba kwenye mfuko, halafu akakataa kukupa chenji mpaka ununue gunia kumi za mchele kwa bei yake, utamwitaje? Mtaani tungekuwa tumeshamjazia watu.

Huko Uingereza kwenyewe, wanakouza mbio zake, jambo hili limeshapigwa marufuku. Mwaka 2018 mamlaka yao ya ushindani wa biashara ilizibana kampuni kubwa za kamari mpaka zikakubali kwa maandishi kwamba mchezaji asilazimishwe kucheza mara nyingi kabla ya kutoa pesa yake mwenyewe. Mwaka 2025 Tume ya Kamari ya huko ikatangaza kikomo: bonasi isizungushwe zaidi ya mara 10, na hiyo ni bonasi peke yake. Hawa wanatuzungusha mara 10 ya bonasi PAMOJA na pesa yetu, ambayo ni sawa na mara 20 ya bonasi. Kwa nini mtu wa Manchester alindwe na mtu wa Mbagala asilindwe, na wote wanabetia farasi yule yule?

Kuna jingine kwenye ukurasa wa mbio. Wameandika juu "Mbio Mubashara", na ndani yake wamechanganya mbio za kweli na mbwa wa kompyuta. Mbwa wale wamevalishwa jaketi zile zile za Uingereza, namba moja nyekundu, mbili bluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano chungwa, sita mistari myeusi na myeupe, na kuna sauti ya watu wanashangilia. Mtu asiyejua anadhani anaangalia uwanja. Anakaa anasoma "rekodi" ya mbwa ambaye hayupo duniani. Mshindi anachaguliwa na programu. Nilijumlisha odi za mbio moja: 3.00, 4.00, 5.00, 6.00, 7.00, 8.00. Inakuja karibu asilimia 122. Kati ya kila shilingi 100 kampuni inabaki na kama 18, na mbio inayofuata inaanza baada ya dakika chache, usiku kucha. Vijana wa bodaboda wanaiachia humo hesabu ya bosi. Iandikeni wazi kwamba ni kompyuta, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mnashindwa nini?

Halafu vitambulisho. Wakati wa kuweka pesa hakuna aliyeniuliza chochote zaidi ya namba ya simu na kubonyeza kwamba nimefika miaka 18. Wakati wa kutoa wanataka picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, picha yangu nikiwa nimekishika, na taarifa ya benki. Nitume wapi? WhatsApp! Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole, pesa imetoka kwenye laini hiyo hiyo kwa jina langu, na ingerudi hapo hapo. Kama nia ni kuzuia watoto na wizi, uhakiki ungefanyika mlangoni kabla hamjapokea pesa. Mkiuweka kwenye kutoa peke yake, mnatafuta mtu achoke aendelee kubeti mpaka salio liishe. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake ipo. Picha za vitambulisho vya Watanzania zinakaa kwenye simu ya nani?

Ninachotaka kutoka Bodi kiko wazi. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya 2003, wakati huo hakuna aliyekuwa anabeti kwa simu kitandani, lakini Bodi ndiyo inayotoa leseni na ndiyo inayoweza kuziwekea masharti. Pesa ya mteja isichanganywe na bonasi. Tiki ya bonasi iwe tupu, anayeitaka aiweke mwenyewe. Masharti yawe kwa lugha ile ile ya tangazo. Ukinikaribisha kwa Kiswahili, nikatalie kwa Kiswahili. Na uhakiki wa mtu ufanyike siku anafungua akaunti.

Wenye matatizo kama yangu wekeni hapa picha za skrini, ila futeni majina na namba zenu za simu. Hifadhini pia meseji za muamala, zina namba ya kumbukumbu, bila hiyo hakuna atakayekusikiliza. Mimi zangu nimezitunza zote, pamoja na tiketi ya farasi na mazungumzo na huduma kwa wateja.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini ameandika "acha kubeti, tatizo limeisha". Mkuu, pesa yangu halali imeshikwa na kampuni yenye leseni ya nchi hii. Nikiacha kubeti leo watanirudishia? Mwingine anasema vigezo na masharti kuzingatiwa. Sharti linalofunga pesa ambayo sio yao halipati uhalali kwa sababu limeandikwa.

NYONGEZA YA PILI: Wamepiga simu. Dada mmoja, mpole kabisa, "kaka yangu samahani kwa usumbufu", ameniambia ombi langu litapewa kipaumbele nikifuta huu uzi kwanza. Nimemwambia uzi haufutwi. Wakinilipa nitaandika hapa hapa kwamba wamenilipa, kiasi gani na kwa makato gani, na ile 5,000 ya farasi iwemo.