Mrejesho: "kuliko" kwa watoto wa Sunday school

Shalom wapendwa. Nilikuja hapa nikilia: nafundisha darasa la miaka 5 hadi 7, kila nikifundisha "refu kuliko", "kubwa kuliko", somo linaisha kwa kuchekana. "Wewe mfupi kuliko wote!" Mtoto mmoja alitoka analia.

Mlinishauri nisiwapime wao kwa wao, niwape Goliathi, lile jitu la Biblia. Nimefanya. 1 Samweli 17:4 inasema mikono sita na shibiri (mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, shibiri ni nusu yake), yaani karibu mita 2.9. Kosa langu: nilitumia mkono wa mtoto kupimia kamba, Goliathi akatoka sawa na shemasi wetu! Tukarudia kwa mkono wangu, kamba ikapita mlango, na hapo kelele. Kamba ndefu kuliko mlango, mlango mrefu kuliko mwalimu, kiti kifupi kuliko meza... ngeli zilijipanga zenyewe, sikusahihisha sana.

Kilichonishinda ni mjane wa Luka 21. Niliweka sarafu zake mbili upande mmoja, rundo la matajiri upande wa pili, nikasoma Yesu anavyosema ametia zaidi kuliko wote. Wakagoma. "Mwalimu, mbili ni chache!" Nikawauliza, mjane alibakiwa na ngapi nyumbani? Kimya. Halafu kale kalikolia siku ile kakasema, "Hana kitu." Wengine bado wanabisha, na kwa hesabu wako sahihi.

Jumapili ijayo ni safina ya Nuhu: dhiraa (ndiyo mikono ile ile) 300 kwa 50 kwa 30. Nani ana kamba ya kuazima?